Alama ya Mshale, Alama ya Ganda

Risasi moja ya bunduki ya kisasa ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa cha madini kilichobanwa mdomoni. Bunduki ikishalia, tatu kati ya hizo zimekwisha kazi zake: fataki imepasuka, baruti imeungua, kichwa kimekwenda kilikoelekezwa. Ganda hubaki, limetanuka kidogo na kuingia masizi, lakini bado ni zima. Kwa kuwa ganda ndilo ghali kuliko sehemu nyingine, walenga shabaha wa Ulaya na Marekani walianza zamani kuliokota na kulijaza tena. Chombo cha kazi hiyo ni mashine ndogo ya mkono, ya chuma kizito, inayofungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza na kuendeshwa kwa wenzo.

Si kila ganda hukubali kujazwa. Mwaka 1866 maofisa wawili wa jeshi, kila mmoja upande wake wa Bahari ya Atlantiki, walipata hataza za fataki za aina mbili. Edward Boxer, Mwingereza, alibuni fataki iliyobeba vifaa vyake vyote ndani, ikaiwasha baruti kupitia tundu moja katikati ya kitako. Hiram Berdan, Mmarekani, aliliacha fuawe dogo la kugongea liwe sehemu ya ganda lenyewe, moto ukapitia matundu mawili ya pembeni. Mambo yakaja kupinduka: fataki ya Mwingereza ikatawala Marekani, ya Mmarekani ikatawala majeshi mengi ya Ulaya. Tundu moja la katikati hupitisha sindano ya kusukumia nje fataki iliyokwisha. Matundu mawili ya pembeni hayapitishi. Ndiyo maana kujaza risasi kumekuwa kazi ya nyumbani kwa Wamarekani wengi, ilhali maganda ya bunduki za asili ya Urusi, yanayobaki kwenye malisho ya kaskazini mwa Kenya na Karamoja baada ya wizi wa mifugo, kwa kawaida huachwa hapohapo.

Anayeketi mbele ya mashine mpya kwa mara ya kwanza huhisi kwanza uzito wake, kisha utaratibu wake usio na haraka. Ganda husafishwa, hupakwa mafuta kidogo, hukalishwa kwenye kishikio, na wenzo hushushwa. Fimbo nene ya chuma hupanda na kulisukuma ganda ndani ya kalibu. Hapo mkono hukutana na ukinzani, kwa sababu shaba iliyotanuka inalazimishwa irudi kwenye kipimo chake. Katika mwendo huohuo sindano huitoa fataki ya zamani, nayo huanguka kikombeni kwa mlio mdogo. Aliyesahau mafuta hujifunza papo hapo: ganda hung'ang'ania kalibuni, na akilivuta kwa nguvu kitako chake huchanika. Fataki mpya huingizwa kwa kuhisi zaidi kuliko kuona, na ncha ya kidole hupitishwa juu yake kuhakikisha kwamba haikutokeza. Baruti hupimwa. Mwisho kichwa hukalishwa mdomoni na kukandamizwa.

Furaha ya mwanzo huwa ni ya macho na masikio, ya kuona chuma kikitii. Inapofika zamu ya baruti, furaha hiyo huingia hofu. Kipimo chake ni greni, ambayo asili yake ni punje ya nafaka, na uzito wake haufiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mashine yenyewe haijui kama ganda limejazwa au ni tupu. Ganda lililokosa baruti huweza kukisukuma kichwa hadi kati ya mtutu, kikakwama humo kikingoja risasi itakayofuata. Lililojazwa mara mbili huweza kuipasua bunduki usoni mwa mwenyewe. Kwa hiyo waliozoea huyapanga maganda wima kwenye kibao chenye matundu, huyamulika kwa tochi moja baada ya jingine, na hawapigi gumzo na mtu wakati huo. Zipo mashine kubwa zaidi, zenye sahani inayozunguka, ambazo hufanya hatua zote kwa pamoja, na kila wenzo ukishushwa risasi moja kamili hudondoka. Kasi huongezeka, na nafasi za kukosea huongezeka nayo.

Mtu anayenunua risasi dukani hununua pia kiapo cha kiwanda kwamba zimepimwa na kukaguliwa. Anayejijazia hana kiapo cha mtu mwingine. Swali la kama risasi hii ni salama, au la nani atajibu ikileta madhara, limetoka kiwandani likahamia kwenye meza moja na kwa mtu mmoja. Mwonjo wa kwanza wa mashine hii, ukichujwa, huishia hapo: chombo ni chepesi kukijua, na dhamana yake ni nzito kuibeba.

Dhamana ya namna hiyo inaeleweka vizuri Ukambani bila mashine yoyote. Katika vilima vya Mbooni, kaunti ya Makueni, mwananchi wa kawaida hana njia ya kukutana na mashine ya kujazia risasi. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka raia awe na cheti cha bunduki na cha risasi zake, na kazi ya kutengeneza risasi kwa biashara imeachiwa watu walioandikishwa pekee. Lakini ufundi wa kujiundia kitu cha kurusha, kipande kwa kipande, kukitumia, kuokota kilichobaki na kukijaza tena, umekaa huko kwa karne nyingi. Chombo chenyewe ni mshale wa sumu.

Simulizi za Wakamba huianzisha safari yao kusini, upande wa Kilimanjaro, zikaipitisha Chyulu na Nzaui hadi vilima vya Mbooni, ambako watu walianza kukaa kwa wingi yapata karne ya 17. Vilima vilikuwa na mvua, chemchemi na msitu, na jina la mahali huhusishwa na nyati waliokuwa wakiishi humo. Leo miteremko ya Kikima na Tawa imekatwa matuta ya mahindi, maharage, kahawa na miparachichi. Wakati ule kilimo kilikuwa cha mlimani, na nyika iliyo chini ilikuwa ya kuwinda na kurina asali. Mbooni ilikuwa ngome pia. Mmasai alipigana kwa mkuki na ngao, silaha za uwanda wazi. Mkamba alimngojea kwenye vichaka na kona za mteremko akiwa na uta. Ardhi ilipojaa, watu walitawanyika kwenda Kilungu na Iveti, wengine wakavuka mto Athi hadi Kitui. Uta ulikwenda nao kote huko.

Mshale wa sumu nao una sehemu nne. Kuna wano, yaani ule mti wenyewe. Kuna manyoya nyuma. Kuna kijiti cha mbele kilichobeba chembe, yaani ncha ya chuma. Na kuna sumu. Wano hukatwa kwenye tawi jembamba lililonyooka, huganduliwa gome, hupashwa moto na kunyooshwa, kisha hukaguliwa kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho. Nyuma hukatwa pengo la kupokea upote wa uta. Manyoya ya ndege hupasuliwa, hupunguzwa, na hufungwa kwa uzi wa kano ya mnyama, unaolowekwa kwanza ili ukikauka ujikaze. Manyoya yakikaa vibaya mshale huyumba, na mshale unaoyumba hupoteza nguvu kabla haujafika.

Chembe ni kazi ya mhunzi. Wahunzi wa Ukambani walipata chuma kwa kuyeyusha mchanga mweusi ulioachwa na maji kwenye mikondo ya mito baada ya mvua. Biashara ya pwani ilipoleta waya, na baadaye reli na maduka yalipoleta misumari, kazi ya kuyeyusha ilififia, na chembe zikafuliwa kutokana na chuma kilichotengenezwa kwingine. Msumari wa inchi 6, ukipashwa moto na kupondwa, hutoa ncha bapa yenye vijino viwili vinavyoelekea nyuma. Kwa hiyo hata mshale haukuwa wa mikono ya nyumbani tu. Kama risasi inayojazwa upya, uliunganisha mabaki ya kiwanda cha mbali na akili ya fundi wa karibu.

Ufundi mkubwa zaidi uko mahali ambapo kijiti cha mbele hukutana na wano. Hapo hapafungwi moja kwa moja. Kijiti huchongwa mwisho wake na kuchomekwa katika tundu la wano, kikashika vya kutosha kuruka pamoja nalo, lakini si vya kushindana na mnyama anayekimbia. Mshale ukishampata nyati au tembo, chembe na kijiti chake hubaki mwilini, wano likaanguka vichakani. Mwindaji hulifuata, huliokota, huchomoa kijiti kingine podoni na kuchomeka. Wano ndilo ganda la mshale: ndilo lililokula kazi nyingi, ndilo lisilotupwa, na ndilo linalobeba sumu mpya baada ya sumu ya jana kwenda na windo.

Sumu hutoka kwenye msunguti, ambao Wakamba huuita kivai. Ni mti mfupi wa nyika, wenye majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda ya zambarau. Vipande vya mti na magome huchemshwa kwa muda mrefu hadi maji yageuke uji mzito mweusi kama lami. Si kila mahali sumu ilipikwa. Sumu ya Wagiriama, walio nyuma ya pwani, ilisifiwa kuliko nyingine na ilinunuliwa hadi Ukambani, sawa na leo ambapo mjazaji wa risasi hawezi kujitengenezea baruti na lazima ainunue kwa wanaoijua.

Namna inavyoua ilikuja kueleweka na sayansi polepole. John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alikuwa katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi alipogundua kwamba mapigo ya moyo wake yalishuka baada ya mswaki wake kugusana na sumu ya mishale ya kombe, mmea wa jamii moja na msunguti. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga kemikali ya msunguti wenyewe, ikaitwa ouabain kutokana na jina la Kisomali la sumu hiyo. Huingilia chembechembe za misuli ya moyo, hasa pampu ndogo zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, moyo ukavurugika na kusimama. Kwa kiasi kidogo mno, kemikali za jamii hiyo zilikuja kuwa dawa ya moyo. Hata wanyama wanaijua: utafiti uliochapishwa 2011, ulioshirikisha mtaalamu wa wanyama Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, ulionyesha kwamba panya mwenye kishungi wa Afrika Mashariki hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa anayemng'ata huweza kufa.

Sumu hiyo ina maadui wawili, jua na hewa. Ikikaa wazi hukauka, hupasuka na kupungua nguvu. Ndiyo maana chembe iliyopakwa huvingirishwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, kuanzia shingoni hadi karibu na ncha, mzunguko mmoja ukilalia nusu ya uliotangulia. Ukanda huo hufanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: huiweka sumu mbichi, na huilinda ngozi ya mbebaji. Hufunguliwa dakika za mwisho, mnyama akishaonekana. Mtu aliyezoea humaliza kuuvua bila kuutazama, macho yake yakiwa mbele, na vidole vyake havigusi mahali peusi.

Nguvu ya sumu ilijaribiwa kabla ya kuaminiwa. Njia iliyosimuliwa sana katika nyika hizi ni ya fundi kujichanja mkononi, kuiacha damu itiririke mchirizi, kisha kuigusisha sumu kwenye mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha. Damu hubadilika rangi ikipanda juu, na kasi ya badiliko hilo ndiyo jibu. Kabla haijafika kwenye chanjo, hufutwa. Mizani ya mjazaji wa risasi inapima bila kumdhuru mpimaji, lakini shabaha ya vitendo hivi viwili ni moja: hakuna anayekwenda porini na kitu ambacho hakukihakiki mwenyewe.

Baada ya sumu huja alama, na hapa ndipo mshale wa Ukambani unapoizidi mashine ya kisasa. Wakamba walikuwa na alama za ukoo na za mtu. Zilichongwa kwenye mizinga ya nyuki iliyotundikwa mbali na nyumbani, zilichomwa kwenye ngozi ya ng'ombe, na zilikatwa kwenye mishale. Mikato michache tu ilitosha kumtaja mwenyewe bila maandishi. Katika uwindaji wa pamoja mnyama huweza kupigwa na wengi na kuangukia mbali. Alama ndiyo iliyosema nani alitangulia kumpiga na nani alifuata, na nyama au pembe zikagawanywa kwa haki. Alama ilisema pia jambo ambalo mwenyewe asingependa lisemwe. Mshale ukikutwa kwenye ng'ombe wa jirani, au kwenye mwili wa mtu, wazee walikuwa na pa kuanzia. Fidia ya damu ililipwa kwa mifugo, na mzigo wake haukumwangukia mpigaji peke yake, bali ukoo wote. Ukoo unaolipa kwa ajili ya mishale ya kijana wake huwa na sababu ya kujua anaipeleka wapi.

Kitako cha ganda la risasi nacho kina alama. Kwa kawaida huwa na herufi za kiwanda, kipimo cha risasi, na kwa risasi za kijeshi mwaka wa kutengenezwa. Wachunguzi huisoma wakajua risasi ilizaliwa wapi. Haiwaambii ilifyatuliwa na nani. Ganda likijazwa upya, hata hicho kidogo huchafuka, kwa sababu herufi zilizopo kitakoni ni za kiwanda cha kwanza, ilhali fataki ni ya kiwanda kingine, kichwa ni cha tatu, na aliyeviunganisha hana jina popote. Mshale ulimtaja mpigaji ukamficha mhunzi; ganda humtaja mtengenezaji likamficha mpigaji; ganda lililojazwa upya humtaja mtu ambaye hahusiki tena.

Bunduki iliingia Ukambani bila kuuangusha uta mara moja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba waliendesha misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga, chumvi na waya. Bunduki walizokutana nazo zilikuwa gobori za kushindilia mdomoni: baruti humiminwa, hufuatiwa na kitambaa, kisha golori, kisha ufito wa kushindilia, na fataki huwekwa mwisho. Muda huo mpiga uta amekwisha kuachia mishale kadhaa, kimya, bila moshi wa kumwonyesha alipo. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliyaona mapungufu hayo mwaka 1851. Alikuwa safarini na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, walipovamiwa karibu na mto Tana na Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake katika nchi kavu, na kwa kukosa chombo aliteka maji ya mto kwa mitutu ya bunduki yake. Silaha iliyokuwa imemtofautisha na wenyeji ikawa kibuyu.

Bunduki yenye nguvu ilikuja na serikali, na haikuja kwa mwindaji. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa 1902, na kufikia Vita vya Pili vya Dunia Wakamba walikuwa miongoni mwa askari wengi zaidi waliotoka Kenya. Waingereza waliwasifu kuwa watu wa vita kwa asili, sifa iliyorahisisha kuwaandikisha. Kijana wa Mbooni aliyekuwa na babu mwenye podo alipewa risasi asiyoiunda, asiyojua kilichomo ndani yake, iliyotoka kiwanda asichokiona. Alihesabiwa alipopewa na akahesabiwa aliporudisha. Uwajibikaji ulikuwepo, lakini ulikuwa wa daftari. Alama ya ukoo haikuwa na mahali pa kukatwa.

Nyumbani, mshale ulibaki na ukageuzwa kosa. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948 kwenye nyika ambazo Wakamba na Wawata walikuwa wakiwinda, na katika miaka ya 1950 walinzi wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha kampeni kali dhidi ya wawindaji wa mishale. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa burudani, wa mwenye bunduki ya leseni pia. Tangu hapo mshale wa sumu umebaki mikononi mwa watu wa aina mbili: wazee wachache wanaoutunza kama urithi, na majangili wanaoutumia kwa sababu hautoi mlio. Mwezi Mei 2014 Satao, tembo wa Tsavo Mashariki aliyekuwa maarufu kwa pembe zake zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu. Jangili hana sababu ya kukata alama kwenye wano. Mti ni uleule na sumu ni ileile. Kilichoondolewa ni jina, na kwa kuondoka kwake chombo cha haki kimekuwa chombo cha wizi.

Dola za kisasa zimeliona pengo hilo kwa upande wa bunduki. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, na miongoni mwa masharti yake ni kila silaha iwekwe alama ya kipekee na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, kilichojengwa kwa ufundi wa Kibelgiji, na Aprili 2021 ilizindua kiwanda cha bunduki Ruiru. Taifa linalojitengenezea risasi zake linafanya kwa ukubwa kile alichofanya fundi wa Mbooni kwa udogo: linajiundia lenyewe kitu cha kurusha. Linachukua pia deni lilelile. Risasi ikikutwa mahali isipostahili, herufi za kitakoni zitaitaja nchi, na nchi haitaweza kusema kwamba haihusiki.

Hukumu juu ya mashine ya kujazia risasi, basi, haiwezi kutolewa kwa kupima chuma chake peke yake. Kama chombo ni kizuri: kinapunguza gharama, kinaokoa ganda lisitupwe, na kinamfunza mtumiaji subira na usafi wa mkono. Kinamrudisha mpigaji kwenye hali ya mwenye mshale, ya mtu ambaye hawezi kurusha kitu bila kujua kilivyoundwa. Kinachokosekana ni yale mazingira yaliyouzunguka mshale, yaani alama inayosomeka, wazee wa kuisoma, na ukoo utakaolipa. Palipo na vitu hivyo, kwa sura yoyote ile, iwe sheria inayofuatwa, kumbukumbu inayotunzwa au klabu inayomjua kila mwanachama wake, mashine hiyo ina mahali pake. Pasipo navyo, Kenya inafanya vyema kuiacha nje ya mlango. Anayejaza risasi sharti awe tayari kuulizwa ilikokwenda.